Ampu imegoma kutoka kwenye protekti, fundi anataka kuiruka rilei. Nikubali?

kwaya_uyole

Wakuu habari za majukumu. Niko Uyole hapa Mbeya, mi ndo natunza vyombo vya kwaya yetu. Tuna pawa ampu ya chaneli mbili, ile ya transfoma kubwa la duara, kila upande ina pea tano za transista zimeandikwa 5200 na 1943. Juzi tumetoka nayo Chimala kwenye mkutano, imepiga vizuri mpaka mwisho, tumeirudisha kanisani tukawasha kwa ajili ya mazoezi taa nyekundu ya protekti (ulinzi wa ampu) ikawaka na haizimi tena. Feni inazunguka, taa ya pawa ipo, ila ule mlio wa "tak" uliokua unasikika baada ya sekunde chache haupo kabisa na spika ziko kimya zote, kulia na kushoto.

Nimempelekea fundi mmoja mjini, kaifungua kaiangalia kwa macho kasema rilei (ile swichi ya ndani inayounganisha ampu na spika) ndo imekufa, dawa yake ni kuiruka, yani anaunga waya juu ya miguu ya rilei spika zipate sauti moja kwa moja. Roho yangu inasita maana zile besi mbili za inchi 18 watu wamejichanga muda mrefu mpaka kuzipata. Mita ya dijitali ninayo na kuchomea risasi naweza kiasi. Naombeni mnielekeze nianzie wapi, na hilo la kuruka rilei ni salama kweli? Jumapili ya wiki ijayo tuna tamasha.

fundi_waya_soweto

Mkuu usikubali kabisa. Chukua ampu yako urudi nayo nyumbani.

Rilei inapogoma kufunga huku taa ya protekti inawaka maana yake mara nyingi ni kwamba kuna saketi imeikataza isifunge. Hiyo saketi inaangalia kama kuna umeme wa DC (wa upande mmoja kama wa betri) unatoka kuelekea kwenye spika, na ikiuona inaacha njia wazi. Sasa piga hesabu mwenyewe, ampu kama hiyo ndani ina volti 60 na kitu za chanya na 60 na kitu za hasi. Spika ya omu 8 ukiipima koili yake kwa mita inasoma kama 6 hivi. Volti 60 gawa kwa 6 ni ampea 10, zidisha tena kwa 60 ni wati 600 za joto tupu hakuna muziki ndani yake, koni inasukumwa upande mmoja inaganda hapo hapo na koili inaungua kabla hujafika kwenye swichi kuzima. Nimeshapokea besi za namna hiyo mezani kwangu Soweto, ukisogeza pua unasikia vanishi iliyoungua, ukiibonyeza koni imekwama. Hizo hazirudi mpaka zisukwe koili upya. Kwa hiyo anayekwambia aruke rilei bila hata kushika mita anakuuzia spika zako mwenyewe.

Anza na vitu visivyohitaji kufungua. Chomoa waya zote za spika, chomoa na waya ya kutoka mixa, ibaki waya ya umeme peke yake, washa. Ikifanya tak na taa ikazima basi ampu ni nzima, ugonjwa uko nje, ni waya wa spika umegusana au spika yenyewe ina shoti. Waya zinazosafiri kwenye kerya ya gari kila wiki zinakatika ndani karibu na plagi, nyuzi zinagusana, kwa nje huoni kitu. Halafu angalia nyuma swichi ya briji (inayounga chaneli mbili ziwe moja) haijasogezwa kwa bahati mbaya wakati wa kubeba. Ukimaliza hayo leta majibu ndo tuingie ndani.

kwaya_uyole

Asante sana fundi. Nimechomoa kila kitu, bado nyekundu, tak hakuna. Swichi ya nyuma iko stereo. Spika nimezipima moja imesoma 5.9 nyingine 6.1 na waya hazina shoti.

dada_makambako

Pole kaka. Mi nakodisha muziki huku Makambako na nataka niongeze kitu kabla watu hawajakimbilia transista, maana sio kila protekti ni transista.

Ampu yangu moja iliniletea hivyo hivyo baada ya kushuka nayo Kyela. Tumetoka huku alfajiri baridi kali, chuma cha ampu kimepoa kama barafu, tumefika kule hewa ya joto na unyevu wa ziwa, ndani ya muda mfupi boksi lote likatoka jasho, si nje tu mpaka kwenye bodi. Watu wa huku nyanda za juu tunapanda na kushuka sana na vyombo na hili wengi hawalijui. Siku hizi nikishuka Kyela au Ipinda naiacha kwenye boksi lake mpaka ipate joto la pale ndo naifungua, na siwashi kama mkono unahisi unyevu kwenye kava.

Ila ile yangu hata ilipokauka ikabaki protekti. Fundi akakuta ile gundi ya njano wanayoshikia makapasita kiwandani imegeuka kahawia na kuwa ngumu, na gundi hiyo ikizeeka inapitisha umeme na inakula miguu ya risista. Ilikua imemwagika juu ya risista ndogo za bodi ya protekti. Kaikwangua yote, kabadilisha risista iliyoliwa na kapasita ya kuchelewesha rilei, ikapona, transista za mwisho zote zilikua nzima. Kwa hiyo ukifungua chukua tochi utafute gundi ya kahawia kwanza.

fundi_waya_soweto

Dada Makambako umenena, hilo la gundi ni la kweli kabisa na mafundi wengi wanalipita.

Sasa kaka wa Uyole tuingie ndani, ila nisikilize vizuri hapa maana ndo pa hatari. Zile kapasita mbili au nne kubwa kama kopo zinashika umeme hata ukichomoa plagi. Kati ya chanya na hasi una volti 120 na zaidi, inaua. Usizipige shoti na bisibisi kama unavyoona wengine wanafanya, cheche ile inaharibu kapasita na inaweza kukurukia machoni. Chukua risista ya kilo omu moja ya wati 5, ishike kwa koleo yenye mpira, weka kati ya chanya na graundi ya kapasita, hesabu dakika moja, halafu upande wa hasi hivyo hivyo, kisha pima na mita mpaka uone imeshuka chini ya volti 2 au 3. Na ukiwasha usishike hitsinki (lile chuma la kupoza transista), kuna ampu ambazo hitsinki yenyewe ina umeme wote wa sapulai, yani zile volti 60 na kitu.

Kabla ya kuwasha tena tengeneza balbu ya siriesi. Balbu ya zamani ya waya, wati 100, sio LED wala enaji seva, unaiunga katikati ya waya ya laini, yani umeme unapita kwenye balbu kwanza ndo unaingia kwenye ampu. Ikiwaka ghafla kisha ikafifia vizuri ujue hakuna shoti kubwa. Ikibaki inawaka kwa nguvu zima haraka, ndani kuna shoti na balbu imekuokoa transfoma na fyuzi. Hii ni kwa ampu za transfoma kama yako, zile nyepesi za suichingi balbu inazichanganya usizitumie hivi.

Ukiwa na balbu washa, mita weka DC, waya nyeusi kwenye graundi ya spika, nyekundu gusa pale sauti inapotoka kwenye bodi KABLA ya rilei, sio kwenye tundu la nyuma maana rilei iko wazi huko utasoma sifuri ikudanganye. Upande mzima unasoma milivolti chache, chini ya 50 naikubali. Ukikuta volti moja au mbili kwenda juu ndo sababu ya protekti. Pima pande zote mbili na zile sapulai, chanya na hasi, na fyuzi zote za ndani.

Na kama pande zote zikiwa karibu sifuri basi ndo turudi kwenye maneno ya dada, bodi ya protekti yenyewe. Nyingi zina IC (kidude kimoja chenye saketi nzima ndani) ya miguu nane inaitwa uPC1237, mguu wa 2 ndo unaonusa DC unatakiwa uwe karibu na sifuri, wa 4 unaangalia kama umeme wa transfoma upo, wa 7 una kapasita ya kuchelewesha, wa 6 ndo unaovuta rilei. Kapasita ya mguu wa 7 ikivuja rilei haifungi milele.

kwaya_uyole

Nimefanya jana usiku baada ya kazi, kijana mmoja wa kwaya ananishikia tochi. Gundi ipo kidogo ila bado ya njano, laini. Balbu iliwaka ikafifia. Majibu haya hapa: kushoto 12 milivolti. Kulia MINUS volti 58! Halafu fyuzi moja ya ndani ya upande wa kulia imekatika, ile inayotoka sapulai ya chanya. Ya hasi nzima. Niweke fyuzi mpya nijaribu?

fundi_waya_soweto

Usiweke fyuzi! Vizuri sana umeuliza kwanza.

Angalia kilichotokea, kinasomeka chenyewe kwenye namba zako. Upande wa kulia umevutwa kwenye hasi, yani kuna transista moja au zaidi za 1943 zimepiga shoti zimeunganisha sapulai ya hasi na njia ya spika. Saketi ya ampu kwa vile inajisahihisha yenyewe ikaona sauti imeanguka kwenye hasi, ikazisukuma zile 5200 za upande wa chanya zivute kurudisha juu kwa nguvu zote, umeme mkubwa ukapita kutoka chanya mpaka hasi, fyuzi ya chanya ikakatika ya kwanza. Ndo maana balbu yako imefifia, njia imeshakatika. Ukiweka fyuzi mpya leo bila balbu utaua na hizo 5200 nzima. Na rilei ambayo fundi wa mjini alisema imekufa ndo imekulindia besi, ingekua imerukwa hizo volti 58 zingekua kwenye koili.

Sasa zima, toa umeme wa kapasita, pima. Mita weka dayodi. Ukipima 1943 zikiwa kwenye bodi zote tano zitasoma shoti kwa sababu zimeungwa pamoja, usizing'oe zote ukatupa, mwizi mara nyingi ni mmoja. Kila transista ina miguu mitatu, beisi, kolekta na emita, na ina risista yake nyeupe ya simenti ya 0.22 omu wati 5 kwenye emita. Nyanyua mguu mmoja wa kila risista, hapo kila transista inabaki peke yake kati ya kolekta na emita, ile itakayosoma shoti ndo hiyo. Pima na risista zenyewe kama hazijakatika, na zile ndogo za kwenye beisi za omu chache, hizo huwa zinaungua kimyakimya. Halafu muhimu kuliko yote pima draiva, zile transista za kati zinazosukuma hizi za mwisho, mara nyingi ni 4793 na 1837. Mtu anabadilisha za mwisho anaacha draiva yenye shoti, anawasha, mpya zinakufa hapo hapo, analaumu duka.

kamwene_iringa

Kamwene wote. Niko Iringa natengeneza redio na ampu. Fundi wa Soweto kaeleza vizuri naongezea kwenye kununua. Hizi 5200 na 1943 ni kati ya transista zinazofojiwa kuliko zote sokoni. Ya kweli ya Toshiba imetengenezwa kubeba volti 230, ampea 15, wati 150. Feki ndani inakua na kipande kidogo cha silikoni kama cha transista ya ampea 3 au 4, kwa sauti ndogo inapiga vizuri tu, besi ya kwanza kubwa imekufa. Chukua ile yako iliyokufa uipasue kwa koleo uone ukubwa wa kile kipande juu ya bamba la shaba, ndo utajua ulichouziwa awali. Mpya ukifika nayo futa maandishi kwa pamba yenye thina, yakitoka kirahisi mrudishie mwenyewe. Na usichanganye moja mpya na nne za zamani za kampuni nyingine, hazitagawana mzigo sawa, moja itabeba zaidi na itatangulia.

Kama mpaka Jumapili hujapata za kuaminika kuna njia ya halali: ile mbovu itoe NA mwenzake wa 5200 wa pea hiyo hiyo, upande wa kulia ubaki na pea nne. Itapiga. Ila spika moja ya omu 8 tu upande huo na volyumu usiifikishe mwisho. Ni afadhali pea nne za kweli kuliko tano ambayo moja ni ya mashaka.

kwaya_uyole

Nimeipata! Ni moja tu, 1943 ya tatu kutoka kwenye feni. Risista yake ya beisi imekatika, imebadilika rangi kidogo sana usingeiona bila kupima. Za emita zote nzima, draiva zote mbili zinasoma kama za upande wa kushoto. Na kitu kingine, skrubu ya transista hiyo ilikua imelegea, nimeizungusha kwa vidole tu, na ile pasti nyeupe chini yake imekauka imekua unga.

Nimefuata ya kaka wa Iringa, nimetoa pea hiyo nzima. Nimeweka fyuzi, nimewasha kwa balbu, balbu imefifia, kulia sasa inasoma 9 milivolti, na baada ya sekunde chache TAK, nyekundu imezima. Sijaunga spika bado. Kuna kingine cha kuangalia kabla?

fundi_waya_soweto

Hongera sana kaka, umefanya kazi ya kifundi.

Ndio, kuna baiasi, yani umeme mdogo unaopita kwenye transista hata kama hakuna sauti. Ila kwanza skrubu. Skrubu iliyolegea inatosha kuua transista maana joto lilikua haliendi kwenye hitsinki, na barabara zetu kutoka Chimala mpaka Uyole na mtikisiko wa gari skrubu zinalegea zenyewe. Kaza zote, pande zote mbili, futa unga wa zamani weka pasti mpya nyembamba. Karatasi ya maika (inayotenga transista na hitsinki) iliyochanika usiirudishe. Kisha mita kwenye mlio, gusa kolekta na hitsinki, isilie, kama kwa ampu yako kolekta zimetengwa na hitsinki.

Baiasi sasa: hakuna spika, hakuna sauti inayoingia, balbu toa, mita kwenye milivolti, ncha moja kila upande wa risista moja ya 0.22. Acha ipate joto kama dakika kumi. Mi napenda milivolti 4 mpaka 6, hiyo ni miliampea 20 mpaka 30 hivi kwa kila transista. Linganisha na upande wa kushoto ambao haujaguswa, huo ndo kipimo chako kizuri. Ukikuta 15, 20 na inaendelea kupanda zima, trimpoti ya baiasi (risista ndogo ya kuzungusha kurekebisha) inaweza kuwa na vumbi au imechoka, na kwenye ampu nyingine trimpoti ikikatika baiasi inaenda juu kabisa transista zinapikika bila hata kupiga nyimbo. Ibadilishe, ni kitu cha bei ndogo.

Halafu jaribu kwa spika ya bei rahisi kwanza, ile ya nyumbani, saa nzima sauti ya chini, ndo uunge besi.

kwaya_uyole

Kulia 5.1 kushoto 4.8 baada ya kupata joto, imetulia hapo. Spika ya ofisini kwa mchungaji inapiga tangu saa nane mchana. Transista za kununua nimeagiza za upande mzima tano tano, ntazipima kwa thina kabla ya kulipa. Mungu awabariki wote.

tunduma_saundi

Samahani naomba nidandie hapa hapa. Yangu tak inafanya vizuri, inapiga, ila nikipandisha sauti kidogo protekti inawaka inakata, baada ya sekunde kadhaa inarudi yenyewe. Nina spika nne za omu 8 nimeziunga zote kwenye ampu, nimeweka briji ipate nguvu. Ni transista pia?

kamwene_iringa

Hapana mkuu, hapo mzigo umezidi. Spika nne za omu 8 ukizifuatanisha sambamba ni omu 2. Kwenye briji kila chaneli inaona nusu ya hiyo, yani omu moja, hakuna ampu ya kawaida inayokubali. Inajitetea na ina haki. Toa briji, rudisha stereo, weka mbili kulia mbili kushoto, kila upande utaona omu 4, na soma nyuma ya ampu kama imeandikwa inakubali 4. Kama imeandikwa 8 tu basi moja moja. Na kama bado inakata kwa sauti kubwa angalia ekstensheni unayotumia, waya nyembamba wa mita 50 besi ikigonga volti inaanguka na kuna bodi za protekti zinaliona hilo zinakata pia. Pima volti pale pale kwenye plagi ya ampu wakati besi inapiga, sio kwenye soketi ya ukutani.